Adimu, Adimu, Adimu: Sasa Tuulizane Vizuri

Jumapili asubuhi, chai haijapoa, simu ikalia. Kijana niliyewahi kumfundisha kanitumia picha ya mbawakawa mweusi aliyebanwa kwa vidole viwili, na ujumbe chini yake: "Shikamoo mwalimu. Huyu nimemkuta Pangani. Nimemtafuta mtandaoni kutwa nzima, hayupo. Ni adimu sana. Tuandike wizarani alindwe kisheria."

Marahaba mwanangu. Wewe ni wa nne mwaka huu. Wote wanne mmeanza na neno hilohilo, adimu, kisha mkaruka hadi kwenye sheria kana kwamba hapo katikati hapana kitu. Hapo katikati, pa kupima kama mdudu yuko hatarini kweli, ndipo ninapofanyia kazi mimi. (Na kwa taarifa yako, huyo yumo kwenye kila lundo la samadi kuanzia Pongwe hadi Muheza. Tuliache hilo.)

Tuseme basi kweli ni adimu. Bado hujaniambia kitu. Kuna mdudu aliye adimu kwa sababu wamebaki wachache; kuna anayeishi mahali pamoja tu, lakini hapo wamejaa tele tangu enzi za mababu; na kuna ambaye hakuna aliyewahi kuinama kumtafuta. Huyo wa mwisho ndiye wengi wenu mnayeniletea. Uadimu wake uko kwenye macho yetu. Mdudu mwenyewe hana habari.

Mfano ninaoutumia kila mara uko mbali, majangwani Marekani, kwa sababu sheria yao ya mwaka 1973 ya viumbe walio hatarini kutoweka inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi la kiumbe fulani kulindwa, na wahusika wanatakiwa kujibu kwa maandishi wakieleza sababu. Sheria hiyo inahusu wadudu pia, isipokuwa waharibifu ambao kuwalinda kungemletea binadamu hatari kubwa. Swali lake kuu ni nini kinamtishia: makazi kuharibiwa, kuvunwa kupita kiasi, maradhi na maadui wanaomla, udhaifu wa sheria zilizopo, au jambo lingine lolote.

Kusini mwa jimbo la Utah kuna vilima vya mchanga wa rangi ya waridi viitwavyo Coral Pink. Mbawakawa mmoja mkimbiaji, Cicindela albissima, hajulikani kuishi pengine popote duniani. Oktoba 2012 ilipendekezwa aingizwe kwenye ulinzi wa sheria. Oktoba 2013 pendekezo likaondolewa. Nawauliza wanafunzi: ndani ya huo mwaka mmoja mbawakawa aliongezeka? Alihamia kilima cha pili? Wapi! Alikuwa palepale, kwenye mchanga uleule. Kilichobadilika ni tishio. Watu walikuwa wakiendesha magari ya michezo juu ya vilima vile, na wenye dhamana ya eneo wakakubaliana kupanua sehemu ambazo magari hayaingii.

Uamuzi ule bado unanikera kidogo, sitaficha. Makubaliano ni karatasi, na karatasi ina mwisho wake. Hata hivyo hoja yao naielewa: waliulizwa juu ya hatari, wakajibu juu ya hatari.

Mlinganishe na mbawakawa mwingine, Dinacoma caseyi wa Palm Springs, California, aliyeingizwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2011. Jike lake haliruki. Magharibi ikiingia, jike hujitokeza kwenye mdomo wa shimo lake, akatoa harufu, na dume ndiye anayeruka kumfuata. Sasa mji ukijengwa kuzunguka korongo la mchanga analoishi, huyo mama atakwenda wapi? Kwa miguu, avuke barabara ya lami? Naye ni wa mahali pamoja kama yule wa Utah. Tofauti ni kwamba kwake ukuta ulikuwa unasogea, na hakuna aliyekuwa akiusimamisha.

Halafu kuna kuhesabu. Hapa ndipo watu wananichosha hasa. "Mwalimu, tumekwenda siku mbili, hatukuona hata mmoja, wamekwisha." Wadudu wa jangwani waliokomaa ni kama wasemavyo watu kuhusu mji wetu wa Tanga: waja leo waondoka leo. Sehemu kubwa ya maisha yao ni buu chini ya ardhi. Kuna nondo wa mmea wa yucca waliowekwa maabara wakiwa wamelala ndani ya vifuko vyao, na baadhi wakatoka wazima baada ya miaka 30. Miaka thelathini! Wewe na siku zako mbili unatangaza msiba.

Ukitaka kujua, tafuta buu. Nenda ufukwe wa Ushongo, juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, ambako mchanga ni mgumu kiasi. Piga magoti. Utaona kitundu cha duara kama kilichotobolewa kwa kalamu. Ukitulia, kitundu kinajiziba: hicho ni kichwa cha buu la mbawakawa mkimbiaji, bapa, rangi ya mchanga, kinangoja siafu apite. Kivuli chako kikimwangukia, kitundu kinafunguka tena, ameshazama. Chomeka unyasi taratibu na usubiri. Unyasi ukianza kutikisika kwa hasira, ujue mwenye nyumba yumo. Andika moja, nenda kitundu cha pili. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na mgongo unauma.

Orodha Nyekundu nayo, ile ya kimataifa ya viumbe na kiwango cha hatari yao, isiwazuzue. Si sheria. Hakuna askari atakayemkamata mtu kwa sababu yake. Na hata yenyewe haimpandishi mdudu kwa udogo wa eneo tu. Makazi yasiyofika kilomita za mraba 10 yanaweza kumfikisha daraja la juu kabisa la hatari, ila lazima uoneshe na mawili zaidi kati ya haya: amebaki mahali pamoja au makazi yamekatikakatika, hali inazidi kushuka, au idadi inapanda na kuporomoka kupindukia. Hiyo "inazidi kushuka" ndiyo inayoninyima usingizi. Kushuka kunahitaji hesabu mbili, ya jana na ya leo. Mimi kwa kawaida nina moja. Ya jana ni kikaratasi chini ya pini iliyomchoma mdudu wa zamani, kimeandikwa "Usambara" basi. Usambara ipi, bwana? Lushoto au Amani? Kileleni au mtoni?

Kanuni zinaruhusu kukisia kutokana na hali ya makazi: msitu ukipungua, na mdudu anapungua. Nimekisia hivyo mara nyingi. Mara mbili nimeandika "taarifa hazitoshi", daraja la wasiojulikana hali yao, na, nikisema kweli, ilikuwa woga zaidi kuliko sayansi.

Wetu wa hapa nyumbani anayestahili kelele zenu ni kereng'ende mwembamba wa Amani, Amanipodagrion gilliesi, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1962. Jina la pili ni la Gillies, mtaalamu wa mbu. Anaishi kwenye vijito vyenye kivuli upande wa Sigi, Usambara Mashariki, na yumo daraja lile la juu kabisa. Kwake naona kinga ya maana ni kivuli: hifadhi ya mazingira asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997, na miti kuachwa ukingoni mwa maji. Ukimkataza mtoto kumshika kwa wavu huku juu yake miti inaangushwa, umemlinda kwa nani?

Tuliliona hilo mwaka 2016, usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi ulipozuiwa. Wafugaji wa vipepeo kule Amani, waliokuwa wakiuza pupa kwenye maonesho ya ng'ambo, nao wakasimamishwa. Watu waliokuwa wakipanda miti inayoliwa na viwavi! Mtu akivuna pupa aliyemfuga mwenyewe, kipepeo wa msituni hapungukiwi kitu.

Kijana nilimjibu kwa kirefu kama hivi, naye akanijibu kwa kifupi kama wafanyavyo vijana: "Sawa mwalimu. Kwa hiyo nifanyeje?" Nikamwambia arudi palepale, saa ileile, kila mwezi, na daftari.

"Na nisipoona kitu?"

Andika sifuri, tarehe na hali ya hewa. Na kiberiti ulichomtia huyo mbawakawa wa samadi, kifungue, aende zake.