Umepimwa mlango wa kizazi. Majibu yako wapi?

Wanawake wanaokuja kliniki kwangu hapa Mombasa huniuliza sana: "Daktari, hiki kipimo kweli kinazuia kansa?" Nikiwa na foleni mlangoni hujibu ndiyo, yaishe. Nikipata nafasi ya kukaa na mtu, namweleza kwamba kipimo peke yake hakimzuilii mtu kansa. Kinachozuia ni kile kinachofanywa baada ya majibu kutoka, na hapo katikati ndipo wengi wanapotupotea.

Karibu kansa zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen alitunukiwa Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha uhusiano huo. Aina zenye hatari ni zaidi ya kumi, ila mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta takriban asilimia 70 ya kansa hizi. Mke aliyetulia na mume mmoja hunikodolea macho nikifika hapo. Namwambia asianze kumshuku mtu, maana virusi hivi vimeenea mno. Walio wengi huvipata wakati fulani wasijue, na mwili ukavitoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Taabu ni kwa wale wachache ambao virusi vinagoma kutoka. Kwao chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole, na kutoka hapo hadi kansa huchukua miaka 15 hadi 20. Mwenye VVU asiyetibiwa anaweza kufika huko kwa miaka 5 hadi 10.

Ni muda mrefu sana kwa kansa, na uchunguzi wote umejengwa juu ya muda huo.

Na mabadiliko makali yakiachwa je? Jibu tunalo, ingawa lilipatikana kwa njia ya aibu. Mjini Auckland, New Zealand, miaka ya 1960 na 1970, kuna wanawake waliokutwa na mabadiliko ya daraja la tatu, yaani hatua ya mwisho kabla ya kansa, wakawa wanatazamwa tu bila kutibiwa ipasavyo, na bila kuelezwa. Rekodi zao zilipochambuliwa upya na matokeo kutolewa mwaka 2008, ilionekana kwamba asilimia 31 hivi ya walioachwa walipata kansa ndani ya miaka 30. Waliotibiwa sawasawa ni asilimia 0.7. Wote walikuwa wamepimwa, na wote walikuwa wameonekana kuwa na mabadiliko.

Uingereza nayo ilianza Pap smia, yaani kukwangua chembe za mlango wa kizazi na kuzisoma kwa hadubini, miaka ya 1960, lakini kwa zaidi ya miaka 20 faida ilikuwa ndogo. Waliokuja kupimwa walikuja wenyewe, na aliyekutwa na tatizo hakuwa na wa kumfuatilia. Mwaka 1988 wakaweka mpango wa kumwita kila mwanamke kwa barua na kumsaka aliye na majibu mabaya. Hapo ndipo wagonjwa walipoanza kupungua kwelikweli, na kipimo kilikuwa kile kile.

Sasa lete Pap smia Mombasa. Mama anafunga meza yake sokoni Kongowea, au anavuka feri kutoka Likoni, anapimwa, anaambiwa majibu baada ya wiki kadhaa. Sampuli inasubiri mtaalamu wa kuisoma. Majibu yakitoka, laini ya simu aliyoandikisha haipatikani. Isitoshe, Pap smia moja inaweza kukosa karibu nusu ya mabadiliko yaliyopo, ndiyo maana hutakiwa kurudiwa kila baada ya miaka michache. Nchi yenye maabara za kutosha inaweza. Sisi tunajikokota.

Ndiyo sababu naheshimu kipimo cha siki, japo kuna wanaokicheka. Muuguzi anapaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, anangoja dakika moja, na penye chembe zilizobadilika panageuka weupe. Jibu unalipata ukiwa bado kitandani. Mumbai, India, wanawake waliopimwa hivi kila baada ya miaka miwili walipungukiwa na vifo vya kansa hii kwa asilimia 31. Kasoro zake zipo: kinategemea jicho la anayetazama, na kwa aliyekoma hedhi hakifai sana kwa sababu sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imeingia ndani.

Kipimo cha virusi vyenyewe kinashinda vyote viwili. Huko huko India, wilayani Osmanabad, kupimwa HPV mara moja tu kulipunguza vifo kwa karibu nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze akiwa na miaka 30, arudie kila baada ya miaka 5 hadi 10. Mwenye VVU aanze na 25, arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Zaidi ya hayo, sampuli unaweza kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia. Kwa Pwani yetu, ambako wengi wanakaa nyumbani kwa kuogopa kufunuliwa leso na daktari mwanamume, hilo ni jambo kubwa. (Na hata kwa vipimo vingine, kumtaka muuguzi mwanamke si kujidai.)

Matibabu ya mabadiliko haya ni mepesi kuliko sifa yake. Tunagandisha sehemu hiyo kwa baridi kali au kuichoma kwa joto, dakika chache, bila kulazwa. Kizazi hakitolewi. Baadaye maji maji hutoka kwa wiki kadhaa, na tendo la ndoa husubiri kama mwezi. Huo mwezi ndio kikwazo. Mama anasema, "Ngoja nikamwambie baba watoto," na haonekani tena. Mimi ningependa mazungumzo hayo yafanyike nyumbani kabla ya kuja.

Vivyo hivyo nikialikwa kwenye kambi ya matibabu, swali langu la kwanza ni kama mashine ya kutibu itakuwepo. Kambi inayopima mamia na kuwapa barua za kwenda kwingine inapendeza kwenye picha tu.

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Mpelekeni binti, lakini akikua bado atahitaji kupimwa, kwani chanjo haigusi aina zote.

Jambo moja watu hulichanganya. Uchunguzi huu ni wa asiyehisi chochote. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, usijitulize kwa majibu safi ya mwaka jana; njoo utazamwe kama mgonjwa.

Ukija kupimwa, uliza majibu yatatoka lini, na ukikutwa na mabadiliko utatibiwa wapi na kwa shilingi ngapi. Acha namba ya pili, ya dada au ya jirani unayemwamini. Ukiwa kwenye hedhi subiri ikatike, na ukiwa mjamzito tuambie mapema.