Kuharisha hakukondeshi: tunayodanganyana kuhusu sanamaki na vidonge vya choo

“Dada, naomba vidonge vya choo, vile vikali.”

Alikuwa binti wa chuo, mpole, sauti ya chini. Nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila mteja, ana siku ngapi hajapata choo. Akasema choo anapata vizuri, ila mwisho wa mwezi kuna sendofu ya dada yake na gauni limeshonwa dogo. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Alipohesabu noti juu ya kioo cha kaunta, vidole vilikuwa vinatetemeka.

Nina miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na aliyoniambia jioni ile nimeyasikia kwa wengi, wake kwa waume. Wacha niyajibu hapa kwa urefu ambao foleni ya wateja hainiruhusu.

“Kinachotoka ni kile nilichokula”

Hapana. Chakula kikitoka tumboni huingia kwenye utumbo mwembamba, na huko ndiko wanga, mafuta na protini hufyonzwa kwenda kwenye damu. Sanamaki, yaani majani ya sena, na vidonge vya choo kama bisakodili hufanya kazi yake mbele zaidi, kwenye utumbo mpana, ambako yamebaki maji, chumvichumvi na makapi. Dawa inapofika huko na kuanza kuukamua utumbo, ule wali na nyama vilishaingia mwilini zamani. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili kwa wanawake wenye bulimia, yaani ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kujiharisha. Kuhara kulikuwa kwa lita kadhaa, na bado sehemu kubwa mno ya nguvu ya chakula ilikuwa imeshafyonzwa.

Kinachodanganya ni mizani. Chukua kanga iliyoloa, ikamue, uipime: imekuwa nyepesi, lakini kanga ni ileile na upana wake ni uleule. Mwili nao ukikamuliwa maji unapungua uzito. Mtu akinywa maji kesho yake uzito unarudi, naye anaamini amenenepa kwa usiku mmoja. Anameza tena. Nimewaona waliozunguka kwenye duara hilo hadi wakasahau walianza lini.

“Ni majani tu, tena ni dawa ya sunna”

Sanamaki ina heshima yake pwani na mimi siivunji. Bibi yangu alikuwa akiichemsha kwa mtu aliyefunga choo, siku moja, kisha kifurushi kinarudi kabatini. Hakuna aliyeinywa kila usiku ili tumbo liingie ndani. Viini vilivyomo kwenye majani yale vinaitwa senosaidi, na ndivyo hivyohivyo vilivyomo kwenye vidonge vya sena vya duka la dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri sena isitumiwe zaidi ya wiki moja au mbili bila usimamizi wa mtaalamu. Chai nyingi za “kukata kitambi” zinazouzwa mitandaoni zina majani hayohayo, na mnywaji hajui amemeza kiasi gani. Uingereza mwaka 2020 waliamua kwamba vidonge vya aina hii kwenye maduka ya kawaida viuzwe kwa pakiti ndogo tu, tena kwa waliotimiza miaka 18. Wanajua wanachokiogopa.

“Nakunywa maji mengi, kwa hiyo niko salama”

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mtoto mchanga akiharisha mchana mmoja, mama hasubiri: anafunga kanga, anakimbilia zahanati, na kila nyumba inajua ORS ni nini. Tunajua kabisa kwamba kuharisha kunaua. Sasa mtu mzima anayejiharisha kwa makusudi, wiki hadi wiki, anapoteza vilevile: maji, sodiamu, na potasiamu. Potasiamu ndiyo inayowezesha misuli kujikaza na kulegea, na moyo ni msuli. Kwenye damu kiwango chake kinatakiwa kuwa kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita. Kikishuka, huanza uchovu usioisha, miguu kukaza usiku, moyo kuruka mapigo, na mwisho wake unaweza kuwa moyo kusimama ghafla kwa kijana wa miaka 20 ambaye asubuhi alionekana mzima. Maji matupu hayarudishi potasiamu. Figo nazo huumia zikikaukiwa kwa muda mrefu. Na kwa wanaotumia vidonge vya majira: kuhara sana kunaweza kuvizuia visifyonzwe, na mimba ikaingia.

“Nikiacha navimba, kwa hiyo mwili unaihitaji”

Kuvimba ni kweli, wala mtu asimwambie mgonjwa kwamba anajitungia. Mwili uliokaushwa mara kwa mara hujifunza kung’ang’ania maji na chumvi, kupitia homoni iitwayo aldosteroni. Dawa ikisimama, homoni bado iko juu, basi miguu na uso vinajaa maji, choo kinagoma, tumbo linakaza. Hayo si mafuta, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache. Lakini ndizo siku ngumu kuliko zote, na wengi hurudi kwenye dawa hapo. Aliyetumia muda mrefu asiache peke yake nyumbani. Daktari apime damu, apange namna ya kuacha, na amwangalie.

Kuhusu wanaosema haya ni magonjwa ya Wazungu: mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanawake na wasichana wa hapa Tanzania, na dalili za matatizo ya ulaji zilikutwa. Wala usimtafute mgonjwa kwa wembamba. Wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida, na wapo wanaume pia.

Wengine huona ni kiburi cha urembo, dawa yake ni kukemewa. Aliyekemewa hujificha zaidi chooni, akafungulia bomba ili asisikike. Na sisi tunaomsifu “umepungua, umependeza!” bila kujua amepunguaje, tunamwongezea mzigo. Akizimia, moyo ukidunda vibaya, misuli ikilegea au akiona damu kwenye choo, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kitengo cha dharura.

Binti yule sikumuuzia. Nilimwomba akae kwenye benchi la wateja, nikamchanganyia ORS, nikamuuliza siku hizi anakulaje. Alinyamaza sana. Kisha akasema, “Mbele ya watu nakula vizuri, dada. Ni baadaye.”

Nikamwandikia kwenye karatasi: kipimo cha potasiamu, kipimo cha moyo, kliniki ya afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa, na siku wanayopokea wagonjwa wapya. Aliikunja mara mbili, akaiweka kwenye pochi pamoja na zile noti.