Viza ya Bangkok si kibali cha kufundisha
Kisumu utasikia: ukitaka kufundisha Thailand, ingia Bangkok kwa viza ya kitalii, shule itakupangia mengine. Wapi! Njia ya kawaida ni kuomba viza ya Non-Immigrant B, ile ya wanaokwenda kufanya kazi, kabla ya kusafiri, nayo hukupa siku 90 za kwanza tu. Kufundisha kunadai kibali cha kazi, hati nyingine kabisa, inayofungamana na mwajiri mmoja. Ukihama shule, hakikufuati.

Karatasi za nyumbani Kenya ndizo hukwamisha. Cheti cha maadili mema cha polisi huombwa kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, kisha alama za vidole zichukuliwe Huduma Centre. Anza na hicho. Jina kwenye digrii likitofautiana na pasipoti, lirekebishe mapema.

Korea Kusini? Viza yake ya E-2 ya kufundisha Kiingereza hupewa raia wa nchi chache zilizoorodheshwa, Kenya haimo. Wakala anayekuahidi hiyo anataka pesa zako.