Timu ya moyo na ujauzito: maana yake

Ni kundi la wataalamu wanaomhudumia mjamzito mwenye ugonjwa wa moyo kwa mpango mmoja: daktari wa moyo, daktari wa uzazi, mtaalamu wa dawa za usingizi, mkunga na daktari wa watoto wachanga. Kila mmoja akimwona kwa siku yake na kuandika lake kwenye faili, hiyo bado si timu.

Mimba huongeza damu mwilini kwa takriban asilimia 40 hadi 50. Mwanamke ambaye vali ya moyo wake, yaani mlango unaopitisha damu, imebana anaweza kuishi miaka bila kujua, kisha akiwa mjamzito mapafu yakajaa maji. Mwingine alikuwa mzima kabisa, misuli ya moyo ikadhoofika mwezi wa mwisho au miezi michache baada ya kujifungua. Uchovu na miguu kuvimba huonekana mambo ya mimba tu, hivyo hupuuzwa. Lakini kushindwa kupumua ukilala, au kuamka usiku ukihema, kunahitaji daktari haraka.

Maana ya timu huonekana zaidi moyo unaposimama. Mimba ikishafika usawa wa kitovu, mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Basi mmoja anabonyeza kifua, mwingine anausukuma mfuko huo kwa mikono kuelekea upande wa kushoto wa mama. Moyo usiporudi, mtoto hutolewa kwa upasuaji palepale alipolala mama, lengo likiwa ndani ya dakika 5. Wengi hudhani upasuaji huo ni wa kumwokoa mtoto. Kwanza kabisa ni wa kumpa mama nafasi ya kuishi. Katika dakika hizo hakuna muda wa kutafuta kisu wala kuuliza nani anaruhusiwa kukata. Ni lazima hayo yawe yameamuliwa mapema, na awepo kiongozi mmoja anayesikilizwa.

Mpango huandikwa mimba ikiwa bado changa, au hata kabla ya kushika mimba: atajifungulia wapi, kwa njia gani, dawa zipi zibadilishwe. Warfarini, kwa mfano, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini mama mwenye vali ya bandia akiiacha bila dawa mbadala, damu inaweza kuganda kwenye vali. Uamuzi huo haumfai daktari mmoja peke yake, na mama mwenyewe lazima ashirikishwe.

Mtoto akishazaliwa, timu haitawanyiki. Damu nyingi hurudi ghafla kwenye mzunguko, na moyo dhaifu unaweza kuzidiwa siku za mwanzo, wakati ndugu wameshaanza kupongezana.