Bodi ya kijiji na kodi ya majengo

Kila uchaguzi wa vijiji vya pembezoni mwa Chicago, jimboni Illinois, ahadi ni ileile: nichagueni, kodi ya majengo itashuka. (Usidanganyike na jina: Schaumburg kisheria ni kijiji, na kina watu zaidi ya 70,000.)

Wapiga kura wengi wanaamini bodi ya kijiji ndiyo inayopanga kodi yote. Sivyo. Bili inakuja moja, ila wanaoigawana ni wengi: kaunti, wilaya ya bustani (chombo kinachosimamia bustani za umma), chuo cha jamii, na hasa shule, ambazo kwa kawaida ndizo zinazochukua fungu kubwa kuliko wote. Shule zina bodi zao, zinazochaguliwa kivyake na kupanga bajeti zao. Mjumbe wa kijiji hana kura hata moja huko.

Mikononi mwake kuna polisi, barabara za ndani, maji, vibali vya ujenzi na matumizi ya ardhi. Si mambo madogo hayo. Hapo ndipo inapoamuliwa kama kiwanja kitupu karibu na stesheni kitajengwa ghorofa au kitabaki maegesho. Mgombea anayezungumzia hilo namwamini zaidi.

Masharti ya kugombea bodi ya kijiji hayatishi: uwe mpiga kura wa hapo, uwe umekaa mwaka mzima kabla ya uchaguzi, ukusanye saini. Aliyepata uraia kwa kuapishwa anaruhusiwa pia. Na anayekerwa na kodi ya shule agombee bodi ya shule, ambayo nayo huchaguliwa Aprili, siku moja na bodi ya kijiji.