Eti ukitaka ukweli muulize mtu mwenyewe?

Wengi tunaamini ukitaka kujua watu wanafanya nini we waulize tu, na ambaye majibu hayaendani na matendo basi ni muongo. Inaeleweka, nani anayajua maisha yako kukuzidi?

Ila ishu ni kwamba anayeuliza naye ni mtu, na mbele za watu kila mmoja anataka aonekane mwema. Chukulia dada wa utafiti kaingia uani Mbagala na tableti yake, mama kakaa mkekani, mawifi pembeni wanachambua mchicha, anaulizwa ukitoka chooni unanawa na sabuni? Hapo nani aseme hapana! Na wala sio uongo wa makusudi kila mara, wengine wanaamini kabisa wananawa. Watafiti wakikaa kuangalia kwa macho, wanaonawa huwa wachache kuliko waliosema. Pombe nayo hutajwa pungufu, kupiga kura huzidishwa.

Kuna mbinu mi naikubali sana, wazo lake ni la tangu 1965: kabla ya kujibu swali la aibu rusha sarafu kwa siri, ikija kichwa sema ndiyo hata kama sivyo, ikija upande wa pili sema ukweli. Kwenye watu 100, kama 50 hivi ni ndiyo za sarafu, so zikija 60, zile 10 zinatoka kwa 50 waliobaki, yani kama asilimia 20 ndo jibu lao la kweli ni ndiyo, na hakuna aliyeumbuka.

Ukiletewa takwimu za kuchepuka, cheki waliulizwa ana kwa ana au kwa siri, na nani alikuwa anasikia.