Ukumbi mtupu si ukumbi wa usiku

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa piano aliniandikia kwa furaha: "Mwalimu, wamenipa ukumbi peke yangu kwa saa tatu kabla ya onyesho. Suala la pedali nalimaliza mchana huo huo, usiku kazi itakuwa kupiga tu." Pedali anayoisema ni ile ya mguu wa kulia, inayoziacha noti ziendelee kuvuma. Mwanafunzi huyu ni wa tatu kuniambia hivyo ndani ya mwezi mmoja, na wawili waliomtangulia ni watu wazima wenye miaka mingi kwenye piano. Nilimjibu kwa ukali, kisha nikajuta, maana mimi mwenyewe niliishi na imani hiyo muda mrefu na iliniharibia maonyesho kadhaa. Basi nimeona niiandike habari yote mahali pamoja.

Imani yenyewe ni hii: kwamba ukumbi mtupu ni ule ule wa usiku, kilichopungua ni watu tu, kwa hiyo utakachokisikia saa nane mchana ndicho utakachokisikia saa mbili usiku. Si kweli. Watu ni sehemu ya chombo unachokipiga. Wakiingia, chombo kimebadilika.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo wengi wetu tunayachanganya. Mwangwi ni sauti inayokurudia peke yake, ukaitambua kwamba imerudi. Ukuta wa nyuma ukiwa umbali wa mita 17, sauti inakwenda na kurudi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ukuta huo ukiwa mgumu na mtupu unaweza kukurudishia noti yako waziwazi. Mvumo ni kitu kingine. Ni maelfu ya marejeo madogo kutoka kila ukuta, dari na sakafu, yameshikana hata huwezi kuyahesabu, yanafifia pamoja. Mwangwi ni kasoro ya jengo. Mvumo ndio uhai wake, na ndio unaobadilika watu wakiingia.

Aliyetupa hesabu ya jambo hili ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayasikiki, kwa kuwa sauti ilibaki hewani zaidi ya sekunde 5. Alifanya kazi usiku, kukiwa kimya, akiwa na filimbi ya ogani na saa ya kupimia, akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi jirani na kuirudisha kabla hakujakucha. Kila mito ilipoongezeka, mvumo ulifupika. Lakini kisa chake ninachokipenda kuliko vyote ni cha nguo. Aligundua kwamba mavazi aliyovaa yeye mwenyewe, mtu mmoja ndani ya chumba, yalikuwa yakibadilisha vipimo. Akatupa vipimo vingi alivyokwisha kukusanya, akaanza upya, na tangu hapo akawa anavaa nguo zile zile kila anapopima. Mtu mmoja na koti lake! Sasa fikiria watu 1,000 na makoti yao.

Kanuni yake bado tunaitumia: zidisha ujazo wa ukumbi kwa 0.161, gawanya kwa eneo linalomeza sauti, unapata sekunde ambazo sauti inachukua kushuka kwa desibeli 60, yaani hadi ikaribie kutosikika. Chukua ukumbi wa mita za ujazo 18,000, saizi ya kumbi kubwa zinazosifiwa. Ili mvumo uwe sekunde 3 unahitaji eneo la kumeza sauti la mita za mraba 966. Ili ushuke hadi sekunde 2 unahitaji 1,449. Tofauti ni kama mita za mraba 480, na mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti chepesi anaongeza takriban nusu mita ya mraba. Watu 1,000 wanatosha kukuibia sekunde nzima. Haya hayaishii kwenye karatasi: ukumbi wa Musikverein wa Vienna, uliofunguliwa mwaka 1870, una mvumo wa takriban sekunde 3 ukiwa mtupu na takriban 2 ukijaa. Symphony Hall ya Boston, ambayo Sabine mwenyewe aliishauri na ikafunguliwa mwaka 1900, inatoka kwenye sekunde 2.5 hivi hadi chini kidogo ya 2.

Najua mtaniambia kumbi za siku hizi zina viti vyenye godoro nene, vilivyopangwa makusudi vimeze sauti karibu sawa na mtu aliyekaa. Sawa. Katika kumbi hizo tofauti ni ndogo, na ukibahatika kupiga humo, shukuru. Lakini si kila ukumbi uko hivyo, na hata huko si sekunde pekee zinazobadilika. Joto linapanda: kila mtu anatoa joto la karibu wati 100, na pumzi yake inaongeza unyevu. Ubao wa sauti wa piano, ule mpana ulio chini ya nyuzi, unavimba kwa unyevu, na sauti ya nyuzi za katikati inapanda kidogo. Fundi mzuri analijua hili, mwachie.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi. Kila anayekubali kwamba ukumbi mtupu una mvumo mwingi anakimbilia ushauri mmoja: mvumo ukizidi, punguza pedali. Nimeusikia kwa walimu, nimeusikia kwa majaji wa mashindano, na kwa muda mrefu niliurudia mwenyewe. Ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaharibu muziki.

Pedali ya kulia haishikilii sauti tu. Ukiikanyaga, vile vipande vya sufu vinavyolalia nyuzi vinainuka vyote, na nyuzi zote zinakuwa huru kuitikia ile uliyoipiga. Piano kubwa ya jukwaani ina nyuzi zaidi ya 200, na kuitikia huko ndiko kunakoipa noti moja unene na joto. Ukiondoa pedali kwa sababu ukuta wa nyuma unavuma, umekausha sauti pale inapozaliwa, wakati ukuta unaendelea na kazi yake kama kawaida. Msikilizaji anapata vyote viwili vibaya: noti kavu ndani ya ukumbi wenye ukungu. Nimekaa mstari wa nyuma nikimsikiliza mwenzangu mwenye kipaji akifanya hivyo hivyo, na nilitamani kupanda jukwaani nimkanyagie pedali mwenyewe.

Kisha, mvumo si kitu kimoja. Sauti za juu na sauti za besi hazifi kwa mwendo mmoja. Watu na nguo zao wanameza sana sauti za kati na za juu. Besi wanaimeza kidogo tu. Kwa hiyo ukumbi ukijaa haupungui sawasawa kama redio iliyopunguzwa sauti. Mng'ao wa mkono wa kulia unaondoka mwingi, wakati mkono wa kushoto umebaki na sehemu kubwa ya mvumo wake. Sasa angalia mtego ulivyo. Mchana, peke yako, mkono wa kulia unang'aa bila jasho. Wimbo unaelea wenyewe, ukumbi unaubeba, nawe unaulegeza ili usipige kelele. Unazoea. Usiku, kwa mkono ule ule uliolegezwa, wimbo unazama ndani ya besi na hujui kwa nini. Ndipo unapoanza kuusukuma kwa nguvu, vidole vinakuwa vigumu, na ukurasa wa pili umeshapotea.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kurekebisha kati ya mchana na usiku si pedali. Ni mizani ya mikono miwili. Pedali inafuata, na hata hiyo suala si kuikanyaga au kutoikanyaga, bali kina na wakati: nusu, robo, kuiachia kidogo kabla ya besi mpya badala ya baada yake. Nusu pedali inazima noti nyembamba za juu haraka na kuacha nyuzi nene za besi zikivuma, maana nyuzi nene zina nguvu nyingi, hazizimiki upesi. Ukiijua hiyo, utaelewa kwa nini nusu pedali inaweza kuuongeza ukungu unaoukimbia.

Na vituo, yaani pale muziki unaponyamaza kidogo. Hapa nimewapoteza wanafunzi wengi. Katika ukumbi mtupu kila kituo kinataka kurefuka, kwa sababu mpigaji anayesikiliza vizuri anangoja sauti imalizike. Ni silika njema. Lakini kituo kilichopimwa kwa sekunde 3 za mvumo, kikipelekwa kwenye sekunde 2, kinakuwa shimo. Watu hawasikii utulivu, wanadhani umesahau.

Kuna udanganyifu mwingine ambao haujali kama ukumbi umejaa au la. Wewe huusikii ukumbi. Umekaa chini ya mita moja kutoka kwenye nyuzi, na mfuniko umefunguka kuelekea wengine. Katika ukumbi kama ule niliouhesabu, ukishatoka kama mita 5 au 6 kutoka kwenye piano, mvumo unaanza kuizidi sauti inayokuja moja kwa moja. Maana yake karibu kila aliyelipa kiingilio anasikia zaidi jengo, na wewe peke yako unasikia zaidi piano. Ndiyo maana mtu anayeniambia "nimejaribu, inasikika safi" namuuliza: umejaribu umekaa wapi? Mwombe mwenzako apige, wewe tembea. Simama mstari wa tano, wa ishirini, panda ghorofani, nenda chini ya roshani ambako mvumo unafinywa. Kama kweli uko peke yako, weka kinasa sauti katikati ya viti, ila ukumbuke kwamba masikio mawili yanachuja mvumo kwa kujua unatoka upande gani, na kinasa hakichuji. Kitakuonyesha ukungu mzito kuliko watakaousikia watu. Kupiga makofi ili "kupima ukumbi" hakukuambii kitu kuhusu besi, kwa kuwa kofi halina besi. Acheni.

Baada ya kuusema vibaya hivyo, sina budi niseme kwamba naupenda ukumbi mtupu kuliko mahali pengine popote. Kuna mambo unayajifunza humo tu. Ukimya wake ni mzito kiasi kwamba unasikia sufu ikiachana na nyuzi pedali inaposhuka, unasikia kitufe kikifika chini, unasikia pumzi yako. Unaweza kutafuta pianissimo, yaani sauti ndogo sana, ya mwisho kabisa, pale ambapo nyundo inakaribia kutoufikia uzi, na ukajua piano hii mpaka wake uko wapi. Mpaka huo hauondoki watu wakija. Uzito wa vitufe hauondoki. Hicho ndicho cha kujifunza mchana: piano, si ukumbi. Na msiogope hivyo vikelele vya mbao na sufu, kwani usiku pumzi za watu zinavifunika vyote.

Hapo hapo ndipo penye shaka yangu kubwa, ambayo vitabu vya ufundi wa piano vinaipita haraka. Fizikia inasema nyundo inaachiliwa milimita chache kabla ya kugusa uzi, inaruka yenyewe, kwa hiyo kidole hakina la kuamua kuhusu noti moja ila kasi ya nyundo. Naielewa hoja hiyo na sina la kuipinga. Lakini nikiwa peke yangu, taa zimepunguzwa, nikipiga noti ile ile kwa nguvu ile ile, mara kwa kidole kilicholala na mara kwa kidole kilichosimama, nasikia sauti mbili. Labda ni kishindo cha kidole kwenye kitufe. Labda ni mwili wangu unaoniambia nisikie ninachokitaka. Ninafundisha mguso kila siku, na bado nimegawanyika.

Shaka ya pili ni ngumu zaidi kuiandika. Upigaji wangu bora kabisa, kwa hisia yangu, umekuwa ndani ya kumbi tupu. Safari moja niliurekodi. Kesho yake nikasikiliza nikiwa na kalamu mkononi: mwendo ulikuwa mzito, vituo vimevutwa, kila sentensi ya muziki ikisubiri jengo limalize kusema. Kumbe nilikuwa nikiufuata mvumo. Lakini katikati ya ukurasa wa nne kulikuwa na mistari miwili ambayo sijawahi kuipata tena mbele ya watu, na siwezi kusema kwamba jengo ndilo lililoipiga.

Mwanafunzi wangu aliuliza, baada ya ukali wangu, basi hizo saa tatu azifanyie nini. Nilimwambia hivi. Nusu saa ya kwanza piga mkono wa kushoto peke yake, usikilize kila besi inakufa lini. Kisha piga kwa mwendo wako wa nyumbani, hata ukumbi ukikuvuta usiufuate. Mkono wa kulia uache uwe mkali kuliko unavyopenda. Pedali usiandike popote kwenye nota. Na usiku, ukishakaa, anza na kipande chenye noti chache na nafasi pana. Mistari minane ya kwanza itakuonyesha wamekuja wangapi na wamevaa nini, ndipo mguu wa kulia uamue.